Sale la Kwenye Chungu

Ukisimama kwenye mizani ya matunda muda mrefu unaanza kuwajua watu kwa ndizi zao. Dereva wa watalii anabeba vichane vizima bila kuvitazama, maana vinakwenda kwenye maboksi ya chakula cha mchana huko porini na atakayekula hajui tofauti. Mama wa Kichaga anaigeuza ndizi, anainusa kwenye kikonyo, kisha anakuuliza kama imeiva yenyewe au mmeivundika. Na kulikuwa na mzungu mmoja mzee, mkazi wa siku nyingi wa mji huu, aliyekuja kila siku kupimiwa ndizi moja. Moja tu! Nilimbandikia stika yake kwa heshima zote, nikabaki najiuliza kwa nini asinunue za wiki nzima akapumzisha miguu.

Sikumuuliza. Hilo ndilo lililonitesa kwenye kazi ile kuliko kusimama kutwa, kuliko ule muziki uliokuwa unajirudia, kuliko baridi ya mafriji ya maziwa iliyonipuliza mgongoni. Supamaketi ni mahali ambapo watu wanafanya mambo ya ajabu mchana kweupe, na wewe umevaa fulana ya kampuni, umekatazwa kuuliza. Supavaiza wetu alitukumbusha kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa kwamba mteja ni mfalme. Mimi moyoni naongeza, na mfalme naye ana visa vyake.

Nina ugonjwa wa kutaka kujua, tangu utoto. Mama anauita umbeya, mimi nauita udadisi, na ubishi huo haujaisha. Kwa hiyo nilipoitwa kazini kwenye duka lile kubwa hapa Arusha mjini, nilijiona mtu mwenye bahati. Nitatazama watu mpaka macho yachoke, na mwisho wa mwezi nitalipwa.

Na kweli nilitazama. Kwanza ile milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Vijana wa mjini wanapita bila hata kupunguza mwendo, lakini wazee wetu wa huku juu wanasimama mbele yake. Kuna bibi mmoja alipiga hodi. Milango ikafunguka, yeye akasubiri, akapiga hodi tena, mpaka mlinzi alipoitika "karibu bibi" ndipo akaingia. Nikamwona ana haki. Nyumba imefunguka bila mtu kuitika, utaingiaje?

Siku nyingine alikuja mzee wa upande wa Kisongo, shuka begani, fimbo mkononi, ametoka kuuza ng'ombe. Akasimama mbele ya friji la maziwa, akaokota pakiti, akaitingisha sikioni. Nikamsogelea na maneno tuliyofundishwa, "karibu sana, nikusaidie nini," lakini ulimi wangu ukaanza na shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Binti, ng'ombe wa maziwa haya anaishi wapi?"

Nikasoma pakiti mbele na nyuma. "Wameandika kiwanda tu, babu."

"Kiwanda hakikamuliwi."

"Ndiyo, babu."

"Kwa hiyo huyo ng'ombe hamjamwona."

"Hatujamwona."

"Ila mnakunywa," akasema, akairudisha pakiti mahali pake taratibu, kama kitu cha watu. Akanunua biskuti akaondoka. Tangu siku hiyo nikishika pakiti ya maziwa nasoma kila kona nikimtafuta yule ng'ombe, na bado sijampata.

Basi nilikuwa na furaha yangu pale. Kisha meneja, mtu wa kuja kutoka Dar, akaamua tuuze na maua ya vyungu. Yakaletwa kwa gari, yakapangwa kati ya mizani yangu na mlango, mengine yana maua mekundu, mengine majani matupu. Nikawa nayamwagilia kwa sababu niko karibu. Siku ya kwanza tu, katikati ya yale majani, nikaona kitu nikasimama na kopo la maji mkononi. Lilikuwa sale. Limepandwa kwenye chungu cheupe cha plastiki, jani lina mstari wa njano katikati, limefungiwa kadi yenye jina la kizungu na picha ya sebule yenye makochi ya kijivu.

Kwa asiyetoka huku ni lazima nieleze. Kwetu Wameru, kama ilivyo kwa Wachaga, sale si ua. Lenye mizizi ni mpaka. Wazee walipanda masale kwa mstari, shamba lako huku, langu kule, na atakayeyang'oa amelianzisha. Lakini jani lake likichumwa likafungwa fundo, hilo ni jambo jingine kabisa. Ukilishika kwa mikono miwili mbele ya mtu uliyemkosea, umemwomba radhi, na yeye hana ruhusa ya kukataa. Anaweza kununa, anaweza kulia, lakini atalipokea. Na likishapokelewa limemaliza kazi yake. Hulichukui ukampelekea mtu mwingine kwa kosa lingine.

Kununua sale! Nilicheka peke yangu pale kwenye mizani. Kule kwetu juu ya Tengeru yanaota kila mahali, mbuzi hawayataki, hakuna aliyewahi kuyawekea bei. Nikatamani kumpigia mama nimweleze, nikajizuia. Nyumbani kwetu wakati ule neno sale halikuwa la kucheka.

Babu yangu, baba yake mama, alipoona siku zake zimekaribia aliwaita watoto wake wawili, mama ambaye ni mkubwa na mjomba. Akampa mama kipande cha shamba chini ya mfereji, akampa mjomba cha juu, na masale yakapandwa katikati yeye mwenyewe akitazama kutoka kwenye kiti. Miaka ikapita. Bei ya parachichi ikapanda, kila mtu mlimani akawa anapanda parachichi, na mjomba akaona mstari wa masale umemkalia vibaya. Akayang'oa yote. Akapanda miche yake mpaka ng'ambo ya mfereji, ndani ya kwa mama. Ukoo ukakaa, kanisa likakaa, wakanywa chai wakaondoka. Tangu hapo mama na mjomba, watu wanaosikilizana majogoo yao yakiwika, hawakusemeshana. Kanisani mjomba ni mzee wa kanisa, anakaa mbele. Mama alihamia benchi la mwisho karibu na mlango, ili asimwone kisogo.

Wala isingekuwa ya kuandika, ugomvi wa mashamba uko kila ukoo, ila mimi nilikuwa naolewa. Sendofu yangu ilikuwa imekaribia, ile sherehe ya kumuaga binti kwao. Binti wa kwetu haagwi bila mjomba wake kusimama akamwombea baraka. Nilipomtajia mama, alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. "Mwite," akasema. "Ni mjomba wako, ana haki. Akija yeye, mimi nitakuwa jikoni na wapishi mpaka atoke."

Nilimfahamu mama, hakuwa anatania. Nilikuwa na uchungu na hasira pamoja. Ningeagwa na mama bila mjomba au na mjomba bila mama, nichague. Usiku sikulala vizuri, na mchana nilibandika stika za maembe kwenye matango.

Ndipo mjomba akaanza kuja dukani.

Mara ya kwanza, Jumatano moja, nilimwona kupitia kioo, amesimama mbele ya milango na koti lake la kanisani, nayo imefunguka zamani. Akaingia. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia marahaba na uso wa mzee wa kanisa aliyekutwa baa. Hakuuliza habari za nyumbani. Akaenda ndani, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia, akapita polepole kwenye maua, akasimama. Akaligusa lile sale. Akaligeuza jani, akatazama upande wa chini, akapitisha kidole kwenye mstari wa njano. Kisha akaenda kulipia sabuni yake.

Sabuni ile ile inauzwa dukani hatua chache kutoka kwenye lango lake. Mtu hatoki Tengeru mpaka mjini kufuata sabuni. Nilishindwa kufanya kazi siku hiyo. Nilifikiri labda amekuja kunitazama mimi, akakosa la kusema. Nikafikiri labda shangazi, yaani mke wake, ametamani ua la sebuleni. Nikafikiri, na hapo nikakasirika, labda amesikia masale yana soko mjini na sasa anajuta kutupa yale aliyoyang'oa.

Jumatano iliyofuata akaja tena, akanunua kiberiti. Akasimama palepale. Safari hii aliinama kabisa akasoma ile kadi yenye picha ya makochi, midomo ikichezacheza. Mpwa hamhoji mjomba wake amefuata nini, hata kama hana fulana ya kampuni. Nilimpimia mama mmoja viazi vyake huku shingo imepinda.

Mlinzi wetu wa mlangoni, Mwarusha wa Sombetini, mtu mrefu asiyekosa kitu, naye alikuwa ameshamwona. Mjomba alipotoka akanijia. "Yule mzee ana kesi na lile ua," akasema.

"Anapenda tu," nikamjibu. Sikumwambia ni nani. Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani.

"Mtu anayependa ua analinunua. Huyu analiogopa."

Jumatano ya tatu ilikuwa ya mvua za masika na duka limejaa watu waliokuja kujikinga tu, wanazungukazunguka na vikapu vitupu. Mjomba akaingia, koti limelowa mabegani. Hakwenda ndani kabisa. Alisimama kwenye maua, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasahau kutazama juu, kamera ilipo. Mkono ukaenda, jani likakatika, nikasikia kabisa ule mlio wake, na mzee wa kanisa akaliingiza kwenye koti.

Hakufika mlangoni. "Mzee, simama hapo," mlinzi akasema, bila ukali. "Umeweka nini kwenye koti?"

Mjomba akasimama. Akalitoa jani, refu, bichi, akalishika kama anayesubiri kuambiwa aliweke wapi. Watu waliokuwa wanajikinga mvua wakapata cha kutazama.

Sasa, karibu na mlango wa ofisi tulikuwa na ubao wa picha. Kila aliyekamatwa akitoka na kitu alipigwa picha amekishika, ikabandikwa pale: huyu na dawa ya meno, yule na kopo la siagi. Supavaiza ndiye aliyepiga na ndiye aliyebandika. Alikuwa mwanamke wa Kichaga, wa Machame, mchapakazi, haonei mtu na hamwonei mtu haya. Watu wa mlimani kwetu wanakuja dukani pale. Picha ya mjomba kwenye ubao ingefika kanisani kabla ya Jumapili, na hapo sendofu yangu isingekuwa na mjomba hata wa kukaa nje. Nikaacha mizani, mteja ameshika papai hewani, nikaenda.

Supavaiza alikuwa amefika na redio ya mawasiliano mkononi. "Kuna nini?"

"Mzee amechuma ua," mlinzi akasema.

"Ni mjomba wangu," nikasema.

Akanitazama. "Mjomba wako ndiyo achume mali ya duka?" Kisha akamgeukia mjomba, akamwamkia, maana adabu haimwishi, akasema, "Mzee, kila kinachotoka hapa kinalipiwa. Hata jani. Haya, lipime, abandikiwe, alipe, yaishe."

Nilifurahi. Nikalichukua jani nikaliweka juu ya mizani. Namba hazikusogea. Nikaliondoa, nikalirudisha, nikalikunja likae katikati. Sifuri. Mashine yetu haitoi stika ya sifuri. Nikasema, "Mizani haioni kitu, bosi."

"Basi alipie chungu kizima."

"Chungu sikitaki, mwanangu," mjomba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno. Aliongea taratibu na sauti yake ya kusomea matangazo kanisani, kwa hiyo wote tulisikia. "Nina ugomvi wa mpaka na dada yangu. Nikimpelekea lenye mizizi atasema nimekuja kumpandia mpaka mwingine. Mimi nilikuwa nataka jani."

"Huko kwenu masale yameisha?" supavaiza akauliza, na hapo nikajua anajua tunaongea habari gani.

"Ya mpakani niliyang'oa mwenyewe. Nitachuma wapi? Ukichuma kwa jirani, kabla hujafika kwako kijiji kizima kinajua unakwenda kumpigia nani magoti. Wengine wanakuja kutazama. Nikasema mjini hakuna anayejua sale ni kitu gani." Akanitazama mimi. "Huyu mtoto anaagwa. Sikutaka mama yake akae jikoni."

Kumbe alijua. Nilitamani kulia palepale mbele ya maparachichi. Miezi yote ile nilikuwa namhesabu mjomba kama mtu asiyejali chochote, na yeye alikuwa anapanga safari za sabuni.

Redio ya supavaiza ikakoroma. Ni meneja kutoka chumba cha kamera, anauliza kama picha imepigwa. Supavaiza akatoa simu yake, akaiinua. Nadhani mkono wake ulifanya kwa mazoea tu.

Mjomba akavua kofia. Akalichukua jani lake juu ya mizani, akalifunga fundo. Akalishika kwa mikono miwili akamnyooshea supavaiza. "Basi, mwanangu. Nimekosa dukani kwako. Nisamehe."

Yule mwanamke akarudi nyuma hatua, akagonga toroli. "Mzee, usinifanyie hivyo," akasema.

Mjomba hakushusha mikono.

"Usinifanyie hivyo, mzee, niko kazini."

Watu wa mvua hawakuelewa, nikaona wanaulizana. Mlinzi alielewa, akavua kofia yake ya kazi. "Kwetu ni nyasi," akaniambia chini chini. "Ukishikiwa nyasi, unashusha fimbo." Supavaiza akatazama kamera, akamtazama mzee, akatia simu mfukoni. Akafuta mikono yake kwenye sketi, akakunja magoti kidogo kama wasichana wanavyofanya kwao, akalipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akasema kwenye redio, "Bosi, yamekwisha. Hapana, hakuna picha. Nitakuja kukueleza." Sijui alimweleza nini, na kwa mara ya kwanza pale dukani sikutaka kusikia.

Mjomba akashukuru, akavaa kofia, akaenda akasimama mbele ya milango. Ilipofunguka akatoka nje kwenye mvua. Ni hapo nilipoona mikono yake mitupu, nikaelewa kilichotokea. Jani lilikuwa limeshatumika. Amesafiri Jumatano tatu kutafuta radhi ya dada yake, na ameitoa yote kwa mtu wa Machame.

Jioni nilipomaliza shifti nilinunua kile chungu, kikiwa na kovu la jani moja. Keshia alinicheka. Mlinzi alikagua risiti yangu kama anavyokagua ya kila mfanyakazi, ila alinishikia chungu nilipokuwa natafuta mwavuli. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitalala nacho, asubuhi na mapema nitampelekea mjomba kabla ya kazi, achume jingine mwenyewe, ampelekee mama. Sikupanga mahali pa kukificha. Kwetu hakuna mahali mama hafiki.

Nilikiweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mama aliingia kuchukua mwiko, akakiona.

"Nani huyo ananipandia mpaka hadi jikoni kwangu?"

"Ni changu, mama. Nimenunua."

"Umenunua sale." Alilisema neno hilo taratibu, kama anayelionja kinywani. "Mjini wanakuuzia sale, na wewe unatoa hela. Na hili lina nini? Limeugua?" Alikuwa ameona mstari wa njano.

"Mama, kaa chini," nikasema.

Nilimweleza yote, tangu sabuni. Nilitegemea akasirike, au acheke, au anyamaze kama anavyonyamaza lile jina likitajwa. Akaanza kuuliza maswali. Nikajua ule ugonjwa wangu nimeurithi wapi.

"Alivaa koti gani?"

"Lile la kanisani."

"Limelowa?"

"Mabegani kote."

"Kofia alivua?"

"Alivua."

"Mikono miwili?"

"Miwili, mama."

Akatia kuni mbili motoni, ambazo moto haukuzihitaji. "Na huyo mwanamke alipokea?"

"Alipokea. Alipiga goti."

Moshi ulimpata mama usoni na hakuhama. Mwishowe akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa, "Yaani radhi yangu ameipeleka Machame." Akainuka akaenda kulala bila kula.

Kulipopambazuka nilimkuta ameshatoka nje. Amevaa kitenge chake kizuri, amejitwika chungu kichwani, jani la sale limemwangukia sikioni. Hakuniita, ila nilimfuata. Angenifukuza kama hakutaka. Tukapita katikati ya migomba iliyokuwa bado inadondosha maji, tukavuka mfereji pale palipokuwa na masale, sasa pana parachichi changa zimefika kiunoni. Mama hakuzitazama. Alikuwa hajavuka pale tangu masale yang'olewe, lakini miguu yake ilijua jiwe lipi linateleza.

Mjomba alikuwa anamkatia ng'ombe migomba. Alipotuona panga likabaki juu ya gogo. Akamwamkia mama, "Shikamoo dada," na mama akaitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo haikataliwi. Kisha akakishusha chungu chini kati yao.

"Lile jani uliloiba liko wapi?"

Mjomba akatazama chini. "Lilitumika, dada."

"Nimesikia lilikotumika." Akaniashiria mimi kwa kidevu. "Huyu amelipia hili, risiti anayo. Chuma jingine. Hapa hakuna mlinzi."

Mjomba akafuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena. Akapiga magoti kwenye maganda ya migomba, akachuma jani, lakini fundo lilimshinda kwa kuwa alikuwa analia, mtu mzima yule, mbele ya ng'ombe wake. Mama akangoja. Hakumsaidia na hakumharakisha. Fundo lilipokaa, mjomba akanyoosha mikono, akasema, "Niliyang'oa ya baba, dada. Nimekosa," na mama akalipokea.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshachelewa kazini na nilikuwa nafuta macho kwa fulana ya kampuni. Lakini mama alikuwa bado amesimama, ametazama kile chungu cheupe na kilichobaki ndani yake.

"Hilo lenye mizizi nalo si la kurudi na mimi," akamwambia mjomba. "Chukua jembe."

"Nilipande wapi?"

"Unapajua."

Mjomba akachukua jembe, akaenda mfereji ulipo. Tukasikia jembe likigonga jiwe, kisha likapata udongo. Mama akaligeuza jani lake mkononi, akapitisha kidole kwenye mstari wa njano vilevile alivyofanya mdogo wake kule dukani. Kisha akanigeukia, kama ndiyo kwanza anakumbuka kwamba mimi nipo na nimechelewa.

"Nenda kazini," akasema. "Na ukipata nafasi nitafutie mtu wa kusimamia jikoni siku ya sendofu. Mimi nitakuwa nimekaa na mdogo wangu."